Mdogo wangu yuko Italia, dhoruba ya theluji imeisha jana, kesho anataka kupanda mlima. Nimwambieje?

Bi_Shella (Malindi):
Assalamu alaikum wanajamvi. Mdogo wangu ni mpishi hotelini huko Trentino, msimu wake wa kwanza wa baridi. Theluji imeanguka siku 2 mfululizo na upepo mkali, leo kumekucha jua kweupe. Kanipigia simu ya video, theluji imefika kitasa cha mlango. Kesho ana mapumziko, na wenzake 2 wanamwita wapande mlimani kwa viatu vya theluji, mbali na njia za watelezaji. Ananiambia, "Dada, dhoruba si imeshapita." Roho yangu haijatulia. Nimuulize nini?

Mpishi_wa_Zamani:
Wa alaikum salaam dadangu. Nimefanya kazi misimu 4 huko huko. Hilo "imeshapita" ndilo linalozika watu. Siku 1 au 2 za mwanzo baada ya theluji nyingi ndizo za kuogopwa, hata mbingu ikiwa safi namna gani.

Muulize kwanza: taarifa ya maporomoko ya theluji inasemaje? Trentino wanatoa taarifa ya kesho saa 11 jioni ya kwao, yaani saa 1 usiku Malindi. Ngazi za hatari ni 5. Asiishie kwenye namba, asome ni miteremko inayotazama upande gani na kuanzia urefu upi. Na 3 asiione ni ya katikati tu. Wengi hufa siku za 3, kwa kuwa inawapa watu moyo wa kwenda.

Kijana_Mambrui:
Lakini kaka, theluji ikilala usiku mzima si inashikamana?

Mpishi_wa_Zamani:
Inashikamana, na ndipo penye balaa. Wewe wayajua matuta ya mchanga ya hapo kwenu. Upepo hupandisha mchanga upande huu na kuumwaga upande wa pili, ukikanyaga ukingo unateleza. Theluji nayo huhamishwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mchanga hutiririka pale ulipokanyaga, ila theluji iliyopigwa na upepo hugeuka bamba, na chini yake huenda pana tabaka la chembe kama sukari. Mtu mmoja akikanyaga, bamba hukatika juu yake na mteremko mzima unashuka naye.

Nimewahi kuusikia mlio wake: "vumm", mzito, chini ya miguu. Theluji ikadidimia kidogo tuliposimama, ufa ukakimbia mbele yetu. Bahati tulikuwa kwenye tambarare. Tuligeuka, hakuna aliyebisha. Mdogo wako akisikia hivyo, akiona ufa, au poromoko bichi mlima wa jirani, arudi.

Mteremko wa digrii 30 watosha kuporomoka, na paa la makuti limeinama kuliko hapo. Kupita bondeni chini yake ni hatari ileile. Tarehe 18 Januari 2017, hoteli ya Rigopiano huko Abruzzo ilifunikwa na poromoko, wakafa watu 29, nao walikuwa ndani ya nyumba.

Nahodha_Mayungu:
Sisi baharini upepo wa kusi ukilala, mawimbi yanaendelea kuja. Hatushushi chombo kwa sababu jua limetoka.

Malindi_Verona:
Bi Shella, muulize vifaa. Tangu 1 Januari 2022 sheria ya Italia inataka anayekwenda kwenye hatari ya maporomoko awe na ARTVA (kile kifaa cha mawimbi cha kufunga kifuani, wenzako wakutafute ukifukiwa), fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Kila mtu chake. Aliyefukiwa akichelewa kutolewa dakika 15, matumaini hushuka vibaya, na theluji iliyosimama hukaza kama saruji, hawezi kujichimbua. Wapige 112, namba ya dharura, lakini wa kumfukua mapema ni wenzake walio naye.

Bi_Shella:
Nimempigia. Watu 3, ARTVA 1! Na taarifa ya kesho ni 4 kuanzia mita 2000. Mlimani hawaendi tena, wanataka kuzunguka ziwa la bondeni. Nimemwambia atazame kilicho juu ya njia, kanitumia ramani. Mpishi, nimekutumia, hebu itazame.

Mpishi_wa_Zamani:
Nimeiona. Mpaka daraja la mbao pako sawa, pana msitu mnene na miteremko iko mbali. Baada ya daraja njia inapita chini ya korongo lisilo na miti hata mmoja, na miti haikosekani bure pale, maporomoko huifagia. Waishie darajani.

Bi_Shella:
Nimemtumia hivyo hivyo neno kwa neno. Kasema darajani tu.