Samadi na mboji bustanini: tupeane uzoefu, ulifanya nini na udongo ukajibu nini

Mwanzisha uzi, Kibaha
Habari za jioni wanabustani. Naanza mwenyewe. Udongo wangu ni kichanga kitupu, ukimwagilia alfajiri, saa 4 umeshakauka. Msimu wa kwanza nilinunua viroba 6 vya mbolea ya kuku wa nyama, imetoka bandani siku ileile, ukifungua kiroba macho yanawasha. Aliyeniuzia akasema mwaga tu. Nikamwaga, nikachanganya juujuu, kesho yake nikahamishia miche ya mboga ya chainizi. Siku ya 4 kingo za majani zimekuwa kahawia kama zimebabuliwa na moto. Nikang'oa mche mmoja nitazame: mizizi myeusi, kizizi cheupe hata kimoja hakuna. Miche zaidi ya 200 niliyoisia kwa mkono wangu ikaisha yote. Iliniuma sana.

Naombeni mnieleze mlichofanya wenyewe, kwenye udongo wenu. Ya kusoma nimeshayasoma.

Wa Machame
Pole sana dada. Mimi nimekulia kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Kwetu ng'ombe hatoki bandani, anakatiwa majani analetewa, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Ila mama hakuwahi kuitia mbichi. Aliilundika kivulini, akaifunika kwa majani makavu ya migomba, isipigwe jua wala kunyeshewa, maana mvua inashuka na utamu wote. Kujua kama imeiva alikuwa anaifinya kiganjani. Ikinukia udongo wa msituni na mkono ukabaki bila utando wa kijani, tayari. Ikinuka zizi, inarudi kwenye lundo. Nami napima vivyo hivyo. Kwangu inachukua miezi 3, ila baridi ya Julai ikiingia inasogea hadi 4.

Wa Kakamega
Mimi sina ng'ombe, nina robo ekari na uzio wa alizeti pori, ile ya maua ya njano inayoota kando ya barabara. Majani yake ni mbolea tosha, yanaoza haraka mno. Natandika mabua ya mahindi chini ili hewa ipite, juu yake alizeti pori mbichi, halafu samadi ya mbuzi naiomba kwa jirani, udongo kidogo, majivu kiasi cha konzi moja, maji. Kila tabaka kama shibiri moja, napanda hivyo mpaka lundo linifike kifuani.

Kisha nachomeka fimbo mshazari hadi katikati. Hiyo fimbo ndiyo inanipa habari zote. Siku ya 3 naichomoa: ikiwa ya moto hata kuishika ni shida, lundo linapika. Ikitoka kavu na vuguvugu, nimelinyima maji. Ikitoka baridi, ina ute na harufu ya yai viza, maji yamezidi na hewa haipiti, nageuza siku hiyohiyo. Lundo langu la kwanza lilikaa wiki 5 baridi kama jiwe, kwa sababu niliweka mabua matupu bila kitu kibichi.

Na msiudharau huo moto. Samadi ya mbuzi imejaa mbegu za magugu. Msimu niliotia bila kuipika nilipalilia mchicha pori mara 4 kabla sukuma wiki haijafika magotini.

Wa Unguja
Mimi naongeza la kuchelewa kuitumia mboji. Lundo langu nililiacha mwaka mzima karibu na minazi. Kulifukua, nakuta mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja. Ndiyo yanayogeuka lile dudu jeusi lenye pembe linalotoboa minazi. Minazi michanga 2 ikanifia, imetobolewa kwenye moyo wa mti. Siku hizi lundo halipiti miezi 4, na nikigeuza nawafungulia kuku. Hawasazi.

Mwanzisha uzi, Kibaha
Ahsanteni sana, ndugu zangu. Msimu huu mbolea ya kuku nimeirundika na maranda yake yote, nimelowesha, nimefunika kwa turubai, nimegeuza kila baada ya wiki 2. Mara ya 3 kugeuza mvuke ulikuwa umekwisha na macho hayakuwasha. Nimetia debe 1 kwa kila hatua moja ya tuta, nikasubiri wiki nzima ndipo nikapanda. Chainizi zina majani mapana, na mchanga wa chini ya matandazo unashikana kidogo ukiufinya, jambo ambalo sijawahi kuliona hapa.

Kaka wa Kakamega, alizeti pori huku kwangu siioni, ila mti wa glirisidia ninao uani. Unafaa?

Wa Kakamega
Unafaa, dadangu. Kata matawi machanga, tia siku hiyohiyo yakiwa mabichi. Ukiyaacha yakauke juani, majani yanapukutika na unabaki na vijiti.