Sarafu ya bibi imeandikwa IMPERATOR, ni ya Warumi kweli? Na yule Kaisari mzaliwa wa Afrika aliacha nini?

Kijana_wa_Kalenga
Kamwene wakuu, poleni na baridi. Jumapili tulikuwa tunagawana vitu vya marehemu bibi huku kijijini, sasa kwenye sanduku lake chini kabisa ya khanga tukakuta sarafu imefungwa kwenye kitambaa, ni ya fedha, nzito, upana kama kizibo cha soda, imetobolewa tundu juu nadhani aliwahi kuivaa shingoni. Upande mmoja kuna mwanaume ana sharubu na kofia ya chuma, juu ya kofia katua tai, na pembeni wameandika GUILELMUS II IMPERATOR. Mjomba anasema hicho ni Kilatini kwahiyo ni ya Warumi wa enzi za Yesu, na kashaipeleka kwa sonara mjini kaambiwa itapimwa kwa gramu tu. Nimekataa isiuzwe. Halafu katika kutafuta tafuta nimesoma kuna Kaisari wa Roma alizaliwa Afrika anaitwa Septimius Severus, shule sikuwahi kumsikia. Kweli alikuwepo? Na alama zake ziko wapi, sarafu, majengo, picha? Anayejua anieleze taratibu.

Mnyalukolo
Mkuu hiyo ni rupia ya Mjerumani. Guilelmus ndo Wilhelm wa pili, mtawala wa Ujerumani enzi hizo, zilianza 1890. Geuza utaona simba na mtende. Rupia moja ilikuwa pesa 64, baadae 1904 wakabadilisha ikawa heller 100, na hiyo heller ndo hela tunayotamka kila siku. Wazee wetu walilipa kodi ya kibanda kwa hizo hizo. Usikubali ipimwe gramu.

Mwalimu_Uyole
Ugonile ndugu, poleni na msiba. Mnyalukolo kasema sawa, ila mjomba nae hayuko mbali, maana Kaiser, cheo cha huyo Wilhelm, ni neno lile lile Kaisari, na huo mtindo wa kuweka uso wa mtawala katikati na jina na cheo chake kuzunguka ukingo Wajerumani waliuchukua kwa Warumi mpaka na Kilatini chake.

Sasa Severus. Nimefundisha historia huku Mbeya miaka mingi na huyu namleta darasani hata kama mtihani haumuulizi. Alizaliwa mwaka 145 Leptis Magna, pwani ya Libya ya leo, akashika Roma 193, akafia York kule Uingereza Februari 211. Kwao Leptis alijenga sana, bandari, uwanja mkubwa wa mji, basilika yaani ukumbi mkubwa wa umma, na magofu yapo mpaka leo, UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia 1982. Sarafu zake zipo nyingi mno na moja naipenda kuliko zote, ina mwanamke kasimama kavaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umeinuka juu ya paji la uso, miguuni kuna simba, na wameandika AFRICA. Afrika yao ilikuwa ya kaskazini tu, lakini mimi nikiona ule mkonga nafurahi.

Cha kukuonyesha hasa ni picha moja iko Berlin. Ni ubao wa duara, upana kama sentimita 30, ulitoka Misri, umechorwa kwa rangi. Severus yupo pale, ngozi ya kahawia, ndevu zina mvi, taji la dhahabu lenye vito. Pembeni mkewe Julia Domna na lulu zake. Mbele watoto wao wawili, Caracalla na Geta, na mmoja hana uso. Sio kwamba rangi imebanduka kwa uzee, wameukwangua, mwili na nguo vipo, pale penye uso pamebaki duara tupu. Ndo Geta huyo. Baba yao alipokufa waliachiwa dola pamoja, na kabla mwaka haujaisha Caracalla akamuua mdogo wake mikononi mwa mama yao, kisha amri ikatoka jina na sura ya Geta vifutwe kila mahali.

Tao la Severus pale Forum Romanum, uwanja wa kale wa mji wa Roma, la mwaka 203, nalo waliligusa. Mstari wa nne wa maandishi ulikuwa na jina la Geta, wakaling'oa wakajazia sifa za baba na Caracalla. Ila herufi zilikuwa za shaba zimepigiliwa kwenye jiwe, na matundu ya misumari ya zile za kwanza yalibaki, wataalamu wameyafuata tundu kwa tundu mpaka wakalisoma jina.

Dada_wa_Tukuyu
Mwalimu shikamoo. Hapo kwa mama mtu nimeumia kwakweli. Swali, na sarafu je? Nazo walizifuta?

Mwalimu_Uyole
Marahaba mwanangu. Walijaribu, kuna miji ya upande wa Uturuki ya leo walichukua sarafu za shaba wakaupiga patasi uso wa Geta. Lakini zile za fedha zilishasambaa kuanzia Uingereza mpaka Syria, ziko kwenye mifuko ya askari, nyingine zimezikwa kwenye vyungu, utazikusanyaje? Kwahiyo leo sura ya Geta tunaijua vizuri kabisa, kuanzia akiwa kitoto cha mashavu mpaka ana ndevu kama za baba yake. Kuna moja upande huu yupo Julia Domna, upande wa pili wanae wametazamana, maandishi AETERNIT IMPERI, yaani umilele wa dola. Ile nikiitazama huwa nanyamaza kidogo.

Ila Severus nae sio wa kusifiwa tu. Aliongeza mshahara wa askari, na ili pesa itoshe akapunguza madini ya fedha kwenye dinari, sarafu yao, mpaka yakabaki karibu nusu, nyingine ni madini mengine tu. Dinari hiyo ni ile ile unayoisikia kanisani kwenye habari ya kodi ya Kaisari, japo ile ya Injili ilikuwa ya zamani zaidi na ilikuwa fedha nzuri.

Kijana, sarafu usiisugue, iwe kwa mchanga, majivu au ndimu, ukingo wa maandishi ukilika ndo basi. Ipeleke pale makumbusho ya Iringa Boma waione.

Kijana_wa_Kalenga
Asanteni sana wakuu. Nimegeuza, kweli kuna simba na mtende, tundu limepita juu kabisa ukingoni, halijagusa uso. Mama mkubwa ndo kanipigia sa hivi anasema bibi alivalishwa na mama yake akiwa mchanga, kamba ilikuwa nyeusi. Mjomba kaelewa. Nimeirudisha kwenye kitambaa chake kile kile, Jumatatu naenda nayo Boma.