Kumzomea Adam Goodes: ulikuwa ubaguzi au ushabiki tu? Tujadili

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Kila ubaguzi viwanjani unapozungumzwa tunaishia Hispania kwa Vinícius Júnior, au Italia, na hatufiki Australia. Huko kuna kisa ninachokiona kigumu kuliko vyote, kwa sababu hapakuwa na tusi la kumkamata nalo mtu. Zilikuwa kelele tu. Maelfu ya watu walimzomea mtu mmoja kila alipogusa mpira, wiki hadi wiki, mpaka akachoka kucheza.

Kwa wasiomfahamu, Adam Goodes ni Mwaborijini, mwenyeji asilia wa jamii za Adnyamathanha na Narungga za Australia Kusini. Kuanzia 1999 hadi 2015 aliichezea Sydney Swans mechi 372 katika ligi ya AFL, ule mchezo wao wa mpira wa umbo la yai unaochezwa na watu 18 kila upande. Alitwaa ubingwa 2005 na 2012. Medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, aliipata 2003 na tena 2006. Mwaka 2014 alitangazwa Mwaustralia wa Mwaka. Kwa kifupi, huyu hakuwa mchezaji wa benchi anayetafuta kujulikana.

Mambo yaligeuka tarehe 24 Mei 2013 pale MCG, Melbourne. Swans walikuwa wakicheza na Collingwood, usiku wa kufungua raundi maalumu ya kuwaenzi wachezaji wenyeji asilia. Mechi ikielekea ukingoni, Goodes alisikia sauti kutoka jukwaani, karibu kabisa na mstari, ikimwita nyani. Alisimama, akageuka, akamwonyesha mlinzi kwa kidole ilikotoka sauti. Aliyetolewa nje alikuwa msichana wa miaka 13. Kesho yake Goodes aliwaambia waandishi wa habari kwamba mtoto yule asilaumiwe, anahitaji kusaidiwa. Rais wa Collingwood, Eddie McGuire, alikuwa ameshakwenda vyumbani usiku uleule kumwomba radhi. Siku chache baadaye rais huyohuyo akasema redioni kwamba Goodes angefaa kutangazia onyesho la King Kong, yule sokwe mkubwa wa sinema. Ikabidi aombe radhi upya.

Cha ajabu, katika hayo yote aliyegeuzwa mkosaji ni Goodes. Ameonea mtoto, wakasema. Analialia. Analigawa taifa. Tarehe 29 Mei 2015, kwenye raundi ileile ya wenyeji asilia, Swans walicheza na Carlton uwanja wao wa nyumbani, SCG, Sydney. Goodes alifunga goli, akalielekea jukwaa la mashabiki wa Carlton kwa hatua za ngoma ya vita, akamalizia kwa kurusha mkuki usiokuwepo. Hatua zile alifundishwa na vijana wa Flying Boomerangs, timu ya wenyeji asilia wa chini ya miaka 16. Baada ya hapo kelele zikazidi kila uwanja. Tarehe 26 Julai, Subiaco, Perth, dhidi ya West Coast Eagles, hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwenzake Lewis Jetta, naye mwenyeji asilia, alipofunga aliicheza ngoma ileile mbele ya wazomeaji. Goodes aliomba mapumziko. Alirudi kwa wiki chache, Septemba akastaafu, na hata kule kuzungushwa uwanjani pamoja na wastaafu wenzake siku ya fainali alikukataa.

Msimamo wangu ni huu. Hakuna anayeweza kuingia moyoni mwa kila aliyezomea, wala hatuhitaji kuingia. Mtu akishasema hadharani kwamba kelele hizi zinaniumiza na ninajua zinatoka wapi, yule anayelipa kiingilio wiki inayofuata na kupiga kelele zilezile anajua anachokifanya. Na ligi iliyokaa kimya miezi yote ile ilijua.

Nawasilisha. Wenye mtazamo tofauti karibuni.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Mkuu, heshima yako, ila kwenye hili naomba nikupinge. Kuzomea ni mchezo wenyewe. Nenda Mkapa siku ya Simba na Yanga uone kama kuna mchezaji nyota anayegusa mpira bila upande wa pili kumzomea. Anayezomewa zaidi ndiye anayeogopwa zaidi.

Mashabiki wa kule walizitoa sababu zao: kwamba jamaa anajiangusha kutafuta faulo, kwamba mtoto wa miaka 13 aliaibishwa mbele ya nchi nzima, na kwamba mkuki ule waliurushiwa wao. Unaweza usizikubali, ila ni sababu.

Nakuachia na hili. Wakati ule karibu mchezaji mmoja kati ya kumi wa AFL alikuwa mwenyeji asilia, wakati kwenye idadi ya watu wa Australia wenyeji asilia ni kama asilimia 3 tu. Mbona wale wengine hawakuzomewa? Lance Franklin, mwenyeji asilia wa kabila la Noongar, alipofunga goli lake la 1,000 Machi 2022, maelfu ya watu waliruka uzio wa SCG kwenda kumkumbatia. Hao ndio wabaguzi? Tukikiita kila kitu ubaguzi, siku utakapokuja wenyewe hatutasikilizwa.

Mleta mada:

Mkuu, hoja yako ya mwisho ndiyo nzito, kwa hiyo naanza nayo.

Unauliza mbona alizomewa huyu mmoja tu. Tazama walichokuwa wanakifanya wale wengine, kisha tazama alichokifanya yeye. Mwenyeji asilia anayefunga magoli na kwenda zake nyumbani hupigiwa makofi Australia, na amepigiwa miaka mingi. Mwaka 1993 Nicky Winmar wa St Kilda alitukanwa mchana kutwa na mashabiki wa Collingwood pale Victoria Park. Mechi ilipoisha, wameshinda, aliwageukia, akapandisha jezi juu na kuonyesha ngozi ya tumbo lake kwa kidole. Leo ana sanamu nje ya uwanja mkubwa wa Perth, katika pozi hilohilo. Lakini wakati ule rais wa Collingwood wa enzi hizo, Allan McAlister, alisema wenyeji asilia wataheshimiwa iwapo watajiendesha kama wazungu. Hilo ndilo sharti lililokuwepo, na lilitamkwa mbele ya kamera. Goodes alilivunja mara mbili, kwanza alipoonyesha kidole, kisha alipocheza ngoma ya kwao. Kwamba wenzake walionyamaza hawakuguswa hakuwaoshi wazomeaji. Kunatuonyesha tu kilichokuwa kinaadhibiwa.

Kujiangusha: alicheza misimu mingi tangu 1999, na kama alikuwa anajiangusha basi alikuwa anajiangusha tangu zamani. Kuzomewa kila mguso, viwanja tofauti, na mashabiki wa timu zisizo hata na uhasama na Swans, kulikuja baada ya 2013. Wachezaji wanaodanganya waamuzi wapo kila timu. Nani mwingine aliyefuatwa nchi nzima?

Yule mtoto: Goodes alionyesha kidole upande wa sauti, hakuonyesha umri. Alipoambiwa ni mtoto, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkingia kifua. Kama kuna maswali ya namna watu wazima walivyomshughulikia mtoto yule baada ya kutolewa, waulizwe walinzi na polisi.

Franklin alizomewa MCG Mei 2023 na mashabiki wa Collingwood, na klabu yao wenyewe ilikemea. Hapo mimi siko tayari kusema ulikuwa ubaguzi. Yalikuwa ya siku moja, dhidi ya mfungaji hatari, na inawezekana kabisa yalikuwa yale unayoyasema ya Mkapa. Tofauti ya visa hivi viwili naiona kwenye kurudia na kwenye kujua.

Mchangiaji, Perth:

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Bukavu, naishi huku, na ile mechi ya Julai 2015 pale Subiaco nilikuwepo na mwanangu. Nataka niseme nilichokiona kwa macho.

Pembeni yetu alikaa mzee mmoja mzungu, mtu mwema kabisa. Alitusogezea mizigo yake tupate nafasi, akamgawia mwanangu chipsi, akawa anamfafanulia kanuni za mchezo maana mtoto alikuwa bado hazijui. Lakini kila Goodes alipopata mpira mzee alinyanyuka na kuzomea mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kisha anakaa, anaendelea na somo. Baadaye nikamuuliza, mzee wangu, huyu bwana amewakosea nini leo? Akasema ana majivuno, anapenda kuonekana. Nikasema sawa, ila leo amefanya nini? Akakaa kimya, na mpira ulipomrudia Goodes akanyanyuka tena.

Kwa hiyo mkuu wa Dar, ukiniambia wale si watu wabaya, nakubali. Wengi si watu wabaya. Ila mwanangu aliniuliza njiani ni kwa nini wanamchukia yule mchezaji mweusi. Hakuuliza ni kwa nini wanamchukia anayejiangusha. Mtoto ambaye hata kanuni hajazijua aliona kitu ambacho watangazaji wazima walikibishia redioni wiki nzima.

Na hili linatugusa sisi moja kwa moja. Héritier Lumumba, mwenye damu ya Kongo kwa baba na Brazili kwa mama, aliichezea Collingwood miaka mingi na kutwaa nayo ubingwa wa 2010. Alisema wazi kwamba klabuni alikuwa akiitwa sokwe kama jina la utani. Walimwona mkorofi. Februari 2021 ripoti huru iliyoagizwa na klabu yenyewe ilikuta ubaguzi wa kimfumo ndani ya klabu. Eddie McGuire, yuleyule wa King Kong, aliiita siku ile ya kihistoria na ya fahari kwa klabu. Haikupita muda akajiuzulu. Leo kuna kina Aliir Aliir, beki aliyezaliwa kambi ya Kakuma kule Kenya, na nyuma yake watoto wengi wa wakimbizi wanaocheza huu mpira Jumamosi kwenye viwanja vya mitaa. Lililompata Goodes wazazi wao wanalikumbuka vizuri.

Mchangiaji, Mombasa:

Nimewasoma nyote. Mimi swali langu ni la kiutendaji. Kwa tusi la mdomo kanuni ipo: Michael Long wa Essendon alipotukanwa na mpinzani siku ya Anzac, sikukuu yao ya kuwakumbuka wanajeshi, mwaka 1995, alikataa kunyamaza, na ligi ikatunga kanuni mwaka uleule. Mwaka 2021 Taylor Walker wa Adelaide alifungiwa mechi 6 na kutakiwa kulipa dola 20,000 kwa tamko la kibaguzi. Hapo kuna neno na kuna shahidi. Sasa watu 35,000 wanazomea bila kutamka chochote. Utamtoa nani? Utaandika kanuni gani?

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Hilo ndilo ninalolisema, tena niongeze. Kwenye mfuatano wa miaka mleta mada amenibana, nakubali kuna kitu pale baada ya 2013. Kaka wa Perth naye nimemwelewa. Lakini ukisema inatosha mchezaji kutamka kwamba ameumia, basi kesho kila nyota atasimama na kusema msinizomee, na jukwaa litakuwa kanisa. Nani anaamua?

Mleta mada:

Dada wa Mombasa (nisamehe kama ni kaka), sidhani kanuni ndiyo ingetibu. Kuna kitu kilitokea ambacho watu wengi hawakitaji. Tarehe 1 Agosti 2015 Goodes hakucheza, alikuwa kwenye yale mapumziko. Swans walikuwa SCG na Adelaide. Jezi yake ilikuwa namba 37, kwa hiyo watu walikubaliana kwamba robo ya 3, dakika ya 7, wote wasimame. Wakasimama, wakapiga makofi kwa mtu ambaye hakuwepo uwanjani, na mashabiki wa Adelaide wakapiga nao. Hakuna aliyetungiwa kanuni. Siku zile hatimaye klabu na manahodha walikuwa wametoka hadharani kusema basi, imetosha, na Goodes aliporudi wiki iliyofuata kule Geelong, ugenini, alipokelewa kwa makofi. Jukwaa linasikia likisemeshwa na watu wake. Tatizo ni kwamba lilisemeshwa mwishoni mwa Julai wakati kelele zilikuwa zimeanza zamani, na uongozi wa ligi wakati wote huo ulikuwa unakwepa kuutaja ubaguzi kwa jina lake. Aprili 2019 AFL na klabu zote 18 ziliomba radhi na kukiri kwamba mchezo haukusimama naye vya kutosha. Miaka minne! Mwaka 2021 walipotaka kumwingiza kwenye Ukumbi wa Magwiji alikataa, na mimi namuunga mkono kwa yote mawili, kustaafu kwake na kukataa kwake.

Mkuu wa Dar, unauliza nani anaamua. Goodes hakuomba asizomewe kama mpinzani. Alizomewa hivyo zaidi ya muongo mmoja na hakulalamika. Kwa hiyo hofu ya kila nyota kujinyamazishia jukwaa siioni, maana nyota wa aina hiyo hata hawana historia ya kuonyesha. Wanaopaswa kuamua ni viongozi wa klabu ya wazomeaji wenyewe, kwa sababu ndio wanaosikilizwa. Nijibu basi hili, ukijiweka jukwaani Subiaco siku ile: mapumziko ya nusu mchezo rais wa West Coast anashika kipaza sauti na nahodha wake kando, anakwambia mtu huyu amesema tunamuumiza, mzomeeni refa, wazomeeni Swans wote mkitaka, ila yeye mwacheni. Robo ya 3 ungenyanyuka kuzomea?