ESP32 kwenda ThingSpeak: joto linafika, unyevu haufiki

MkulimaNjombe: Habari wakuu. Nimefunga ESP32 (kompyuta ndogo yenye WiFi) na kihisi cha BME280, kinachopima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, kwenye viazi vyangu, maana baridi ya Juni na Julai huku inaunguza majani na nataka kuiona inavyoshuka usiku. Joto linafika kwenye chaneli yangu ya ThingSpeak (huduma ya mtandaoni inayohifadhi na kuonyesha data za vihisi). Unyevu na mgandamizo wa hewa haviendi, jibu linarudi 0. Natuma kimoja kimoja, kila baada ya sekunde 2.

fundi_waya: Mkuu, hiyo 0 maana yake ombi limekataliwa, likipokelewa unarudishiwa namba ya ingizo. Akaunti ya bure inapokea mara moja tu kila sekunde 15. Chaneli ina sehemu (field) 8, kwa hiyo tuma vyote kwa ombi moja, yaani joto, unyevu, mgandamizo:
field1=12.4&field2=88&field3=812

Mama Kihisi: Kwa shamba, kila dakika 10 inatosha, katikati ilaze ESP32 ili betri idumu. Na tafadhali ongeza kihisi cha pili karibu na ardhi. Usiku mtulivu usio na mawingu, pale kwenye majani kuna baridi kuliko juu ya nguzo.

MkulimaNjombe: Vyote vitatu vinaonekana sasa! Asanteni sana. Mama, hicho cha chini nakifunga kesho.