Mrejesho: sumaku na mwanangu wa miaka mitano

Ahsanteni nyote. Niliuliza nimweleze vipi mwanangu kwa nini sumaku hunasa vitu, maana jibu la "ndivyo ilivyo" halitaki kabisa. Aliyesema nimwache ajaribu kwanza, Mungu ambariki. Tulichomoa sumaku ya spika kuukuu, akazunguka nayo jikoni: meno ya mbuzi ya kukunia nazi yakanasa, vifuniko vya soda vikanasa, sufuria ya alumini wapi! Hapo akauliza mwenyewe. Nikamwambia ndani ya chuma mna visumaku vidogo mno visivyoonekana, kila kimoja kimeelekea kwake, kama watu msikitini kabla ya kukimiwa. Sumaku ikisogea, vinajipanga safu. Kisha msumari ulionata kwenye sumaku ukanyanyua msumari mwingine. Akanitazama: "Kwa hivyo huu nao sumaku sasa?" Ndiyo, maadamu umeshikana nayo.

La ncha zinazofanana za sumaku mbili kusukumana lilimchekesha tu, tukalipita. Vile visumaku vidogo vya kuchezea sinunui. Mtoto akimeza viwili, huvutana ndani na kubana utumbo. Sasa anataka tuisugue sindano ya bibi, tuiweke juu ya jani majini ielekee kaskazini. Bibi hajakubali.