Tupeane uzoefu: Diski za kompyuta ya nyumbani hapa Dodoma, unachagua ipi na unazipangaje?

Mleta mada, Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya diski yanajirudia kila wiki: SSD (diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka) au HDD (diski ya sahani inayozunguka), ukubwa gani, iliyotumika inafaa au la. Naomba tuweke yanayopimika: modeli, hatua na sababu, ili anayekwenda dukani kesho awe na kitu mkononi.

Naanza na mpangilio ninaoupendekeza kwa nyumba nyingi. SSD ya GB 500 iwe ya Windows na programu. HDD ya TB 2 au 4 ndani ya kasha iwe ya picha, video na kazi. Kisha diski ya nje yenye ukubwa uleule, inayochomekwa siku ya kunakili tu na kuchomolewa. Fedha ikibana, nunua SSD na diski ya nje kwanza, ile HDD ya ndani itafuata.

Kwa nini SSD kwanza? HDD husoma faili kubwa kwa MB 150 hadi 200 kwa sekunde, ila ikikutana na vifaili vidogo vilivyotawanyika inaanguka hadi chini ya MB 2, maana kichwa kinahangaika kuhama huku na huku. Windows imejaa vifaili vya namna hiyo. SSD ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) inafika MB 550, NVMe (njia mpya, ya kasi) ya Gen 3 MB 3,500, lakini kwa kazi za ofisi na intaneti utashangazwa na hatua ya kutoka HDD kwenda SSD yoyote. Hatua ya SATA kwenda NVMe wengi hawaioni.

Mdau, Area C

Naongezea la kuingiliana, kwa sababu hapa ndipo watu hununua kitu kisichoingia. Kompyuta za mezani zilizotumika kama Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 hazina nafasi ya M.2 (soketi ya SSD ndogo bapa kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta), na hata ukiweka NVMe kwa kadi ya PCIe, BIOS yake (programu inayoamsha kompyuta) haiwezi kuwashia kompyuta hapo. Hiyo mnunulie SSD ya SATA ya inchi 2.5, basi. OptiPlex 7050 inapokea NVMe bila shida.

Mwenye nafasi ya M.2 asome kitabu cha mazabodi kabla ya kulipa. Nafasi nyingine hupokea M.2 ya SATA tu, nyingine NVMe tu, na mazabodi kadhaa huzima soketi moja au mbili za SATA pale M.2 inapojazwa. Mtu anaona HDD imepotea anadhani imekufa, kumbe ahamishe kebo kwenye soketi nyingine.

Jambo la pili ni waya wa umeme wa diski. Vigeuzi vya Molex (plagi ya umeme ya zamani) kwenda SATA vyenye kichwa cha plastiki iliyomiminwa ni hatari, nyaya ndani yake husogeleana, zinagusana na kuwaka moto. Tumia waya unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai.

Mdau, Nkuhungu

Kwenye HDD msitazame TB pekee, tazameni CMR na SMR, namna mbili za kuandika data kwenye sahani. CMR huandika mistari iliyoachana. SMR huilaza mistari ikipandana, kwa hiyo kubadilisha mstari mmoja kunalazimu kuandika upya na ya jirani. Diski ina eneo la akiba la kuficha kazi hiyo, na likijaa, kasi inashuka vibaya mno. Kwa kuhifadhi filamu na kuzisoma SMR inatosha. Kwa RAID (diski kadhaa zikifanya kazi kama moja) au kazi ya kuandika na kufuta kila siku, ikwepeni.

Someni namba ya modeli kwenye lebo. Seagate Barracuda ST2000DM008 na WD (Western Digital) Blue WD20EZAZ ni SMR. WD Red yenye EFAX kati ya TB 2 na 6 nayo ni SMR. Mwaka 2020 kampuni ilikiri hadharani, ndipo jina Red Plus likaja kwa ajili ya CMR. Seagate IronWolf ni CMR.

Diski za kamera za ulinzi, WD Purple na SkyHawk, ziko madukani kwa wingi. Kama ghala la mafaili zinafaa. Windows msiiweke humo.

Halafu TB 4 ikionekana 3.63 kwenye Windows hamjaibiwa: muuzaji anahesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Na diski inayozidi TB 2 anzisheni kwa GPT (mfumo mpya wa kugawa diski), kwa MBR (wa zamani) kipande cha juu hakitatumika.

Mdau, Kisasa

Diski iliyotumika ipimwe mbele ya muuzaji, dakika 5 zinatosha kuikataa. Nenda na CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, kwenye flashi. Kwanza badili namba zisomeke kwa desimali, kwani kawaida yake ni heksadesimali na 64 unayoiona ni 100. Kisha soma mistari hii:

05, sekta zilizohamishwa. C5, sekta zinazosubiri kuhukumiwa. C6, zilizoshindikana kabisa. Zote tatu nataka 0. C5 ikiwa hata 8 naiacha dukani, bei iwe nzuri namna gani. 09 ni saa za kuwaka. Mwaka mzima ni saa 8,760, basi diski ya saa 40,000 imewaka zaidi ya miaka minne na nusu mfululizo.

Saa hizo huweza kufutwa na wajanja. Kwa Seagate kuna kumbukumbu ya pili iitwayo FARM. Tumia programu ya smartctl toleo la 7.4 au jipya zaidi, amri `smartctl -l farm /dev/sda`, ulinganishe. Zikitofautiana sana, usinunue.

Kwa "SSD ya nje ya TB 16" ya bei ya flashi, jibu ni moja: ni bandia. Ndani mna kadi ndogo iliyodanganywa ukubwa, ikijaa inaandika juu ya data za mwanzo. Programu ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena, hapo uongo unaonekana.

Mdau, Nzuguni

Umeme na joto, wakuu. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili) hujitahidi kulinda orodha ya mafaili, si yaliyomo ndani yake. UPS (betri ya akiba ya umeme) ya VA 650 kwa kompyuta ya kawaida inakupa dakika kadhaa, za kuhifadhi na kuzima, si za kuendelea na kazi. Printa ya leza isichomekwe humo, inavuta mzigo mkubwa kwa mkupuo.

Vumbi letu la kiangazi haliingii kirahisi ndani ya HDD, tundu lake la hewa lina chujio (msilizibe kwa stika). Madhara yake ni kuziba feni. Pulizeni kasha, mkizuia feni zisizunguke, na HDD ibaki chini ya nyuzi 45.

Na nakala msiziweke kwenye SSD ya kufungiwa kabatini. Kiwango cha JEDEC (shirika la viwango vya elektroniki) kinaitaka SSD ya kawaida iliyomaliza uandishi wake wa dhamana itunze data mwaka 1 bila umeme, tena kwa nyuzi 30. Chumba cha bati mwezi Novemba kinapita hapo. HDD ndiyo ya kabatini.

Mdau, Makole

RAID 1, yaani diski mbili zinazoandika data ileile, si nakala rudufu. Ukifuta faili, inafutika kote kuwili papo hapo.

Mdau, Chang'ombe

Mkuu wa Kisasa, kama 05, C5 na C6 zote ni 0 lakini C7 inapanda, diski hiyo ni ya kutupa?

Mdau, Kisasa

Hapana mkuu. C7 ni makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi, mara nyingi kebo ya SATA imelegea au imekunjwa. Badilisha kebo, jaribu na soketi nyingine. Namba hiyo hairudi nyuma hata ukitengeneza, kwa hiyo iandike mahali, nakili GB 50 hivi, uitazame tena. Ikisimama palepale, tatizo lilikuwa kebo.