Asiye na la kuficha ana haja gani na faragha? Naomba mawazo ya wakazi wa Mwanza

Mkazi wa Igoma (mleta mada):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo lililotugawa mtaani kwetu.

Kundi letu la WhatsApp lilianzishwa kwa ajili ya misiba, ulinzi shirikishi na michango ya wagonjwa, na limetusaidia sana. Hivi karibuni mzee mmoja jirani yetu alilazwa hospitalini. Mmoja wa waliokwenda kumwona alimpiga picha akiwa kitandani, mpira wa mkojo ukionekana, akaituma kundini pamoja na maelezo ya ugonjwa wake ili kuwahimiza watu wachange. Michango ilipatikana haraka. Hata hivyo, binti wa mzee aliumia sana. Aliandika kwamba baba yake hakuombwa ruhusa, na kwamba picha ilikuwa imeshafika kwa ndugu wa Ukerewe ambao familia haikuwa imewaambia lolote. Wengi walimjibu kwamba ugonjwa si aibu, kwamba asiye na la kuficha haogopi kuonekana, na kwamba faragha ni mambo ya Wazungu wasiojua hata jina la jirani.

Mimi sikubaliani nao, lakini nimeshindwa kueleza sababu. Hapa Mwanza, hasa kule Mabatini na Igogo ambako nyumba zimebanana juu ya mawe, watu wanachangia ukuta na choo, na ugomvi wa chumba cha pili unasikika kwa wote. Katika maisha ya namna hii faragha ina maana gani? Na kama ina thamani, je, anayefaidika ni mhusika peke yake, au jamii nayo inapata kitu?

Mzee wa Pasiansi:

Ndugu mleta mada, mimi nitasimama upande wa waliomjibu binti, ingawa uchungu wake ninauheshimu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika umri wangu nimezika watu wengi waliokufa kwa sababu ya kuficha ugonjwa, wakati bado sijazika aliyeuawa na picha. Kama kundini kungeandikwa tu kwamba jirani anaumwa, wangapi wangetoa? Tena matapeli wamekuwa wengi, kila siku kuna mgonjwa wa kubuni anayechangiwa, kwa hiyo anayetoa fedha yake ana haki ya kuona uthibitisho. Ninahofia kwamba tukianza kudai faragha kwa kila jambo, tutaua ujirani ambao umetulea.

Mwalimu wa sheria, Nyegezi:

Mzee wangu wa Pasiansi, shikamoo. Methali uliyoitoa ni ya kweli, lakini mwanamke anayejifungua humfunulia mkunga, wala hakuna anayejifungua mbele ya soko zima. Faragha ni mtu kuwa na uamuzi juu ya nani ajue nini kumhusu, na kwa kazi gani. Mgonjwa yule alijulikana hali yake na daktari, na familia, na labda na jirani aliyekwenda kumjulia hali, na kila mmoja wao alikuwa na sababu yake ya kujua. Picha ilipotolewa wodini ikaingia katika simu za mtaa mzima, mzee alinyang'anywa uamuzi huo, hata kama aliyemnyang'anya alikuwa na nia njema kabisa.

Si kweli kwamba jambo hili tumeletewa. Kaya za Wasukuma zilizungushiwa minyaa, na mgeni mwenye adabu hupiga hodi, asipoitikiwa mara ya tatu akaondoka bila kuchungulia dirishani. Kilichobadilika ni vifaa. Mwaka 1890, wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, walipoandika katika jarida la sheria la Harvard kwamba mtu ana haki ya kuachwa na utulivu wake, miongoni mwa yaliyowasukuma ni kamera zilizoweza kupiga picha papo kwa papo na magazeti yaliyozisambaza. Mwaka 1948 haki hiyo iliingia katika Ibara ya 12 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Kwetu imo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi kwa marekebisho ya mwaka 1984, nayo inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake.

Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Imewalenga hasa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, kama vile hospitali, benki na kampuni za simu, kuliko majirani wanaoandikiana. Lakini kanuni yake inafaa hata mtaani: taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja isihamishiwe kwenye lengo lisiloendana nalo. Taarifa za afya na za miamala ya fedha zimo katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji uangalifu zaidi.

Sasa swali la jamii inapata nini, ambalo kwangu ndilo zito. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya vipimo yawe siri, na sababu yake si kumhurumia mgonjwa peke yake. Mvuvi anayehama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine atakubali kupima akiwa na uhakika kwamba jibu litabaki kwake na kwa mpimaji. Akihofia kwamba habari zake zitamtangulia kambini, hatapima, na watakaoumia ni wenza wake na watoto wao. Mzee wangu, wengi kati ya hao uliowazika wakiwa wameficha ugonjwa waliuficha kwa kuogopa kutangazwa.

Muuza dagaa, Kirumba Mwaloni:

Shikamooni wakubwa. Ninaomba kuongeza upande wa fedha, kwa kuwa sisi wafanyabiashara wadogo ndiko tunakoumizwa.

Mwenzangu hapa sokoni alikopa kupitia programu ya simu, ambayo kabla ya kumpa mkopo ilimtaka airuhusu isome namba zote alizozihifadhi. Alipochelewa kurejesha, wateja wake, mama mkwe wake na watu wa visiwani wanaomletea dagaa walitumiwa ujumbe kwamba yeye ni tapeli. Deni alilimaliza lote. Lakini waliokuwa wakimpa mzigo kwa mali kauli, yaani alipe baada ya kuuza, hawampi tena, na biashara ya dagaa bila mali kauli ni ngumu mno kwa mwenye mtaji mdogo. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na ilifanya vyema, ila jina la mwenzangu lilikuwa limeshachafuliwa.

Jambo la pili ni daftari la wakala wa fedha, ambalo kwenye vibanda vingi hukaa wazi mezani, na kila anayekuja kuandika anasoma jina, namba na kiasi cha aliyemtangulia. Mwanamke anayetoa fedha ya mzigo alfajiri hana kosa lolote analoficha. Analinda mtaji wake na uhai wake dhidi ya vibaka. Wanaosema asiye na la kuficha haogopi, wajaribu kupita hapa kabla ya jua kuchomoza wakiwa na fedha ambayo kila mtu anajua kiasi chake.

Mzee wa Pasiansi:

Marahaba, wanangu. Hoja ya mvuvi nimeipokea, na kuhusu picha nimebadili mawazo. Ila suala la matapeli bado halijajibiwa, na watu wakitapeliwa mara mbili wataacha kuchanga kabisa.

Mkazi wa Igoma (mleta mada):

Asanteni sana. Mzee ameruhusiwa kurudi nyumbani, na kumbe katika mabishano yetu yote hakuna aliyekwenda kumwuliza yeye mwenyewe anasemaje. Nimemwomba aliyetuma picha aende, na nitakwenda naye.

Kuhusu uthibitisho, kwenye kikao cha mtaa nitapendekeza kwamba balozi wa nyumba kumi na mweka hazina wamtembelee mgonjwa kwa idhini yake au ya familia, waone ankara ya hospitali, kisha waliarifu kundi kwamba wamejiridhisha, bila kutaja ugonjwa wala kutuma picha, na fedha zipelekwe kwa namba iliyotolewa na familia. Mzee wangu wa Pasiansi, kama unaona bado kuna mwanya wa utapeli hapo, naomba unionyeshe kabla ya kikao.